Abebe Bikila: Bingwa wa marathoni aliyeanza upya kwenye kiti cha magurudumu

JINA la Abebe Bikila linapotajwa, wengi hukumbuka picha moja tu: mwanamume mwembamba akikimbia peku usiku katika barabara za Roma mwaka wa 1960, huku mienge ikimwangazia njia. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi mno, hata imefunika sehemu kubwa ya maisha yake. Wachache huuliza mtu huyo aliishia wapi. Wachache zaidi wanafahamu kwamba miaka tisa baadaye alikuwa amelala katika hospitali ya Uingereza, hawezi kugeuza shingo wala kuinua mkono, na kwamba baada ya hapo alirudi mashindanoni akiwa ameketi.

Alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Kwa sadfa, siku hiyo hiyo mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikifanyika mjini Los Angeles, Marekani. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa Wahabeshi wa kupiga mpira kwa magongo. Alikuwa bado mtoto mdogo majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka wa 1935 na kuuteka mji mkuu Mei mwaka uliofuata. Alipokuwa kijana alihamia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie.

Humo kikosini ndimo alimoonwa na Onni Niskanen, mkufunzi kutoka Uswidi aliyekuwa amefika Ethiopia mwaka wa 1946. Niskanen alikuwa mtu wa saa na daftari. Aliwakimbiza askari wake milimani, akawapima, akawakimbiza tena. Urafiki wa wawili hao haukuwahi kuvunjika, na ni vyema msomaji akaushika, kwa kuwa mkufunzi huyo hakuwa mtu wa kushangilia ushindi na kutoweka siku za dhiki.

Kuhusu Roma mengi yamekwisha andikwa, na hapa yatoshe machache. Jioni ya Septemba 10, 1960, Abebe alipiga foleni na wenzake akiwa hana viatu. Viatu vipya alivyopata vilikuwa vimemchubua, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku. Magazeti ya Ulaya yalistaajabu kana kwamba yameona muujiza. Mtoto wa Ntimaru au Kegonga wa zama hizo, aliyekwenda shule na kurudi kwa miguu mitupu kila siku, hangeona ajabu kubwa katika nyayo zile. Ajabu ilikuwa kasi. Abebe alikwenda bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco kwa muda mrefu wa mbio hizo. Kisha, walipokaribia mwisho, wakaipita nguzo ya mawe ya Axum, ambayo Waitaliano waliipora Ethiopia mwaka wa 1937 na kuisimamisha katikati ya mji wao. Pahali hapo yeye na Niskanen walikuwa wamepachagua mapema. Hapo ndipo alipomwacha Mmorocco huyo. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwa umefikiwa na yeyote ulimwenguni, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Nguzo yenyewe ilikawia zaidi kurudi nyumbani: Italia iliirejesha mwaka wa 2005.

Kuna jambo lililotokea mjini Roma siku nane baada ya ushindi huo, ambalo halikupata hata robo ya sifa hizo. Septemba 18, 1960, wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 waliingia uwanjani wakiwa katika viti vya magurudumu. Wengi walikuwa wamepooza kutokana na ajali na vita. Michezo hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wakati huo Abebe alikuwa shujaa wa bara zima, na hakuna ambaye angedhani kwamba habari za watu wale zilimhusu.

Umaarufu haukumkinga na misukosuko ya nyumbani. Desemba mwaka huo huo, maafisa wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kumpindua Mfalme wakati akiwa ziarani nje ya nchi. Jaribio lilishindwa, na Abebe, ambaye alikuwa askari wa kikosi hicho hicho, akawekwa kizuizini kwa muda mfupi kabla ya kuthibitika kwamba hakuhusika. Mwaka wa 1961 alirudi barabarani, akashinda Athens, Osaka na Košice. Mwaka wa 1963 alikwenda Boston, Marekani, akamaliza wa tano. Katika marathoni zote za kimataifa alizowahi kumaliza, ni hiyo moja tu ambayo hakushinda.

Mtihani wa kwanza wa mwili wake ulikuja majuma machache kabla ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Akiwa mazoezini Debre Zeit, alianza kusikia maumivu ya tumbo. Kama ilivyo desturi ya wakimbiaji, alidhani ni kichomi cha kawaida, akaendelea kukimbia hadi akaanguka. Madaktari waligundua kidole tumbo kilichokwisha vimba, ugonjwa ambao ukicheleweshwa hupasuka na kusambaza usaha tumboni, na huua. Alipasuliwa mara moja. Zilikuwa zimesalia chini ya wiki sita kabla ya mbio.

Mtu aliyepasuliwa tumbo kwa kisu cha enzi zile alitarajiwa kupumzika, asinyanyue kitu kizito, atembee polepole. Marathoni ni kilomita 42 na ushei, na misuli ya tumbo haipumziki hata hatua moja. Kwa hesabu ya kawaida safari ya Tokyo ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Hata hivyo, kidonda kikiwa bado kibichi, Abebe alionekana akijaribu kukimbia polepole usiku katika ua wa hospitali. Hapa pana haja ya kusema wazi kwamba lile halikuwa jambo la kuigwa, na daktari yeyote wa leo angelikemea. Lakini pia linaonyesha mtu alivyokuwa. Hakusubiri aambiwe kwamba amepona. Alitaka kujua mwenyewe mwili wake umefikia wapi.

Mnamo Oktoba 21, 1964, safari hii akiwa amevaa viatu, aliwaacha wenzake kabla ya nusu ya safari kwisha, akakimbia peke yake muda wote uliobaki. Aliingia uwanjani kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alifika dakika nne baadaye. Katika dakika hizo nne Abebe hakulala chini kama ilivyotarajiwa. Alikwenda kwenye nyasi katikati ya uwanja, akalala chali na kuanza kunyoosha viungo, akirusha miguu hewani, huku maelfu ya Wajapani wakicheka na kupiga makofi. Hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mfalme alimpandisha cheo na kumzawadia gari jeupe aina ya Volkswagen. Msomaji alikumbuke gari hilo.

Kuanzia mwaka wa 1967 miguu ilianza kumsaliti. Alijeruhiwa akishindana Zarautz, Hispania, na tangu hapo hakuwa yule tena. Alipokwenda Mexico mwaka wa 1968 kutafuta dhahabu ya tatu, mfupa wa mguu wake wa kushoto ulikuwa na ufa. Alianza mbio hata hivyo, akajikokota kwa kilomita kama 16, kisha akatoka. Mbele yake aliendelea Mwethiopia mwenzake na askari mwenzake, Mamo Wolde, ambaye alishinda mbio hizo. Wiki moja kabla, Mamo huyo huyo alikuwa ameshindwa kwa kitambo kidogo katika mita 10,000 na Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Temu naye alikimbia marathoni ile akawa wa 19. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba bingwa huyo wa Gusii pia alimalizia siku zake katika ugonjwa. Saratani ilimuua mwaka wa 2003.

Abebe alirudi Addis Ababa bila nishani, lakini akapewa cheo cha kapteni. Alikuwa na umri wa miaka 36, mke, watoto wanne na gari jeupe.

Usiku wa Machi 22, 1969, alikuwa akiliendesha gari hilo barabarani kuelekea Addis Ababa. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, gari jingine lilimjia kwa kasi, naye katika kulikwepa akapoteza mwelekeo. Volkswagen ikapinduka na kumbana ndani. Alikaa humo usiku kucha. Ni asubuhi ndipo alipopatikana na kutolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umejeruhiwa kwenye pingili za shingo, na kuanzia hapo kwenda chini mwili ulikuwa kimya.

Juma moja baadaye, Machi 29, alisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya Stoke Mandeville, kaskazini magharibi mwa London. Hospitali hiyo ilikuwa na historia isiyo ya kawaida. Mwaka wa 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler nchini Ujerumani, alianzisha humo kitengo cha wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo vitani. Zama hizo mgonjwa wa aina hiyo alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri siku. Hakufa kwa sababu ya kupooza kwenyewe. Aliuawa na vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya kibofu cha mkojo, mara nyingi katika muda wa miezi tu. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na akakataa kuwaacha walale wakitazama dari. Aliwapa kazi za mikono, kisha akawapa michezo. Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale katika uwanja wa hospitali. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa michezo ya Roma ya 1960, ile iliyofuata nyayo za Abebe kwa siku nane.

Katika kitanda cha hospitali hiyo Abebe alikaa miezi kama minane. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Kadi na barua zilimjia kutoka pembe zote za dunia, na Malkia Elizabeth wa Pili alifika kumjulia hali. Lakini kadi hazifundishi mkono kushika kijiko. Kazi hiyo ilifanywa saa baada ya saa na wauguzi, na mgonjwa mwenyewe, kwa mazoezi yasiyo na watazamaji. Taratibu mikono ilirejea. Miguu haikurejea kamwe.

Pengine hapa ndipo palipokuwa na marathoni ngumu kuliko zote, ijapokuwa mwandishi wa michezo anapaswa kujihadhari na mfano huo. Marathoni ina mstari wa mwisho, na anayeikimbia anajua uko wapi. Mtu aliyevunjika shingo hajui. Wiki hupita hakuna kilichobadilika. Siku moja kidole hutikisika. Kisha wiki nyingine hupita. Mwanariadha huteseka zaidi ya wengine katika hali hiyo, kwa kuwa ameishi miaka akiamini kwamba jasho huzaa matunda kwa kipimo kinachojulikana. Katika jeraha la uti wa mgongo jasho linaweza kumwagika lote na matunda yasionekane.

Namna Abebe alivyolipokea jambo hilo inajulikana, kwani aliwaeleza waliomhoji. Alisema kwamba ushindi wake wa Olimpiki ulikuwa mapenzi ya Mungu, na ajali yake nayo ilikuwa mapenzi ya Mungu. Kwa kuwa aliupokea ule wa kwanza, hakuona haki ya kuikataa hii ya pili. Wapo watakaoyasikia maneno hayo kama ya mtu aliyekata tamaa na kukunja mikono. Matendo yake yanawakanusha. Yeye hakukunja mikono, na ndiyo pekee aliyokuwa amebakiwa nayo.

Mwaka wa 1970 aliingia katika Michezo ya Stoke Mandeville, akashindana katika upigaji mishale na tenisi ya meza. Hakutwaa ubingwa. Inafaa msomaji atue kidogo hapo. Mtu huyu alikuwa mshindi mara mbili wa Olimpiki, na angeweza kukaa nyumbani Addis Ababa akipokea wageni na heshima hadi mwisho wa maisha yake. Badala yake alikubali kuwa mwanagenzi mbele ya watu, katika michezo ambayo hakuwa amejengea jina, akishindana na watu waliokuwa kwenye viti vya magurudumu kwa miaka mingi kumzidi. Bingwa kukubali kushindwa ni kazi nzito kuliko mtu wa kawaida kukubali kushindwa. Mabingwa wengi wazima, wenye miguu yote miwili, wameukimbia mtihani huo.

Mwaka uliofuata, 1971, alialikwa Norway katika michezo ya watu wenye ulemavu. Kule alipewa kigari cha kuteleza juu ya theluji, kitu ambacho mtoto wa Shewa hakuwa amekijua. Alishindana na kundi la watu 16 katika mbio za kilomita 25, akawashinda wote kwa saa 1 na dakika 16. Ulikuwa ushindi wake wa mwisho, na ingekuwa haki kama picha yake ingetundikwa kando ya ile ya Roma.

Kwenye Olimpiki ya Munich ya 1972 alikuwa mgeni wa heshima. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake, watu walisimama na kumshangilia. Mamo Wolde, aliyekuwa amefikisha umri wa miaka 40, alipata nishani ya shaba katika marathoni. Dhahabu ilikwenda kwa Frank Shorter wa Marekani, ambaye baada ya kuvishwa nishani alimwendea Abebe na kumpa mkono.

Kupooza, hata kunapouguzwa vyema, huudhoofisha mwili mzima, na madhara ya ajali yalikuwa yakimfuata Abebe kimyakimya. Oktoba 25, 1973, alifariki Addis Ababa kutokana na kuvuja kwa damu ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka 41. Ilikuwa imepita miaka minne na nusu tangu usiku wa ajali, muda ambao madaktari wa kizazi kilichotangulia kile cha Guttmann wasingethubutu kumwahidi.

Mfalme Haile Selassie alitangaza siku ya maombolezo ya taifa, na mwenyewe akahudhuria mazishi pamoja na makumi ya maelfu ya raia. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu. Haukupita mwaka mzima kabla ya Mfalme huyo kupinduliwa, Septemba 1974, na Ethiopia ikaingia katika miaka ya damu ambayo Abebe hakuiona. Niskanen, mkufunzi wake, aliishi hadi 1984. Mamo Wolde hakubahatika hivyo: alikaa gerezani karibu miaka kumi akituhumiwa kwa mauaji ya enzi ya utawala wa kijeshi, tuhuma alizozikana, akaachiliwa mwanzoni mwa mwaka wa 2002 akiwa mgonjwa. Alifariki Mei mwaka huo, na kuzikwa katika makaburi yaleyale alimolazwa Abebe.